Mambo Msiige

Mwaka juzi mpwa wangu mmoja, aliyesomea uchoraji wa ramani za majengo, alinijia nyumbani baada ya sala ya alasiri, karatasi ndefu iliyoviringishwa ikiwa kwapani. Hakuketi mpaka alipoikunjua mezani na kuikandamiza pembe zake kwa vikombe vya kahawa. Ilikuwa ramani ya hoteli ndogo ya vyumba 12, ya kujengwa pwani ya mashariki ya Unguja. Kuta zake hazikunishangaza. Paa ndilo lililonifanya nitafute miwani. Lilikuwa na tabaka tatu, moja likichomoza chini ya jingine, na kwenye kila ncha palisimama kitu chembamba kilichopinda kuelekea juu, mfano wa shingo ya ndege anayetaka kuruka.

"Mjomba, hii ni namna ya mahekalu ya Thailand," alisema. "Mwekezaji ameipenda sana. Wewe unaionaje?"

Mimi ni mwalimu mstaafu wa historia wala si mjenzi, lakini katika ukoo wetu mtu akishastaafu hudhaniwa kuwa anajua kila kitu. Nilimwambia aniache nilale nalo. Asubuhi nikamwambia avae viatu twende Shangani.

Msomaji aliyepata kufika Mji Mkongwe huenda anaikumbuka nyumba kubwa iliyoikabili bahari pale Shangani, iitwayo Mambo Msiige. Simulizi za wenyeji zinasema aliyeijenga, katikati ya karne ya 19, alikuwa tajiri wa Kiarabu aliyetaka nyumba isiyo na mfano, na kwamba chokaa yake ilikandwa kwa mayai, si kwa kumi wala kwa mia, bali kwa maelfu. Ipo na simulizi nyingine, ya kutisha, kwamba ndani ya kuta zake walizikwa watumwa wakiwa hai. Tulipokuwa watoto tuliamini yote mawili kwa pamoja, na jioni tukipita pale tulikuwa tukitembea upande wa pili wa njia. Jina lenyewe watu hulifasiri namna mbili. Wengine wanasema ni majivuno: msijaribu kuniiga, hamtaweza. Wengine wanasema ni onyo la mtu aliyefilisika: msiige mambo haya, mtaishia nilipoishia mimi.

Nyumba ile imekaa na wageni wengi. Walikaa wamisionari wa Kiingereza wa UMCA, waliofika Unguja mwaka 1864 na askofu wao Tozer. Ukakaa ubalozi mdogo wa Uingereza, baadaye ikawa hospitali ya Wazungu, kisha ofisi za serikali, ambamo mimi mwenyewe nimepanga foleni nikitafuta muhuri. Tangu mwaka 2015 ni hoteli ya Park Hyatt. Ubavuni mwake limejengwa jengo jipya, na ujenzi ule ulileta maneno mengi. Kamati ya Urithi wa Dunia, iliyouingiza Mji Mkongwe katika orodha yake mwaka 2000, ilionesha wasiwasi juu ya ukubwa na kimo cha jengo hilo. Basi ndivyo mambo yalivyokuwa: nyumba ambayo jina lake linakataza kuigwa imepata jirani mwenye kuta nyeupe na matao, aliyejengwa ili afanane nayo.

Nilimsimamisha mpwa wangu mbele ya nyumba ile nikamwambia asome jina. Akacheka. "Lakini mjomba," akasema, "katika mji huu ni kipi ambacho hakikuigwa?"

Hapo, lazima nikiri, alinishika.

Kwa sababu kutoka Shangani hadi Vuga si mbali, tulikwenda tukatazama Mahkama Kuu, na tukaendelea hadi Beit el Amani, jumba la makumbusho lililofunguliwa mwaka 1925 kwa kumbukumbu ya amani baada ya vita vya 1914 hadi 1918. Yote mawili ni kazi ya Mwingereza mmoja, John Sinclair, ofisa wa serikali ya ukoloni ambaye baadaye, mwaka 1922, alipanda akawa Rezidenti wa Uingereza hapa Unguja. Sinclair alikuwa na mapenzi na majengo ya Waislamu. Mahkama yake ya mwaka 1908 ina mnara na kuba; Beit el Amani ina kuba kubwa na vikuba, na nyeupe yake juani inaumiza macho. Hakuna anayeswali ndani ya majengo yale. Mtawala Mkristo alichukua umbo la nyumba ya ibada ya watawaliwa wake akalivisha mahkama na makumbusho, labda kwa kudhani kuwa sheria yake itaingia vizuri zaidi ikiingia na sura tunayoijua. Labda pia aliyapenda tu. Mtu anaweza kuwa na nia mbili.

Mara ya kwanza kupelekwa Beit el Amani nilikuwa skuli ya msingi. Nilipofika mlangoni nikavua makubadhi yangu nikayashika mkononi. Wenzangu wawili watatu wakafanya vivyo hivyo. Mwalimu alitucheka mpaka akatoa leso kujifuta macho, akatuambia tuvae, humu hamna msikiti. Nilivaa, lakini muda wote nilipokuwa ndani nilikanyaga kwa ncha za vidole. Nilimhadithia mpwa wangu kisa hiki pale pale mlangoni. Hakucheka. Akaniuliza kama kule Thailand nako watu huvua viatu.

Huvua. Katika wat, yaani hekalu la Kibuddha, watu huvua viatu kabla ya kuingia ilipo sanamu ya Buddha, wakaketi kwa adabu, wakachunga nyayo zao zisiielekee sanamu. Paa lile la tabaka nyingi halikubuniwa kwa kupendeza macho tu. Kwa desturi ya zamani ya nchi ile, mapaa ya tabaka, nyoka wa naga wanaoteremka kingoni mwa paa, na ile ncha ya mfano wa ndege iitwayo chofa, ni mambo ya mahekalu na majumba ya wafalme. Mtu wa kawaida hakuyaweka juu ya nyumba yake, hata awe na fedha namna gani. Kwa maneno mengine, nao wana Mambo Msiige yao, ila haikuandikwa ukutani.

Na limekwisha kuigwa huko huko kwao. Mjini Chiang Mai, kaskazini mwa Thailand, ilijengwa miaka ya 2000 hoteli kubwa iitwayo Dhara Dhevi, kwa mfano wa mahekalu na majumba ya kale ya watu wa Lanna. Wageni waliisifu mno, lakini wapo wasomi wa huko waliolalamika: iweje umbo la mahali pa ibada liwe mahali pa kulala na kula wenye fedha? Hoteli ile ilifungwa mwaka 2020. Sisemi kwamba ilifungwa kwa sababu hiyo. Mwaka ule hoteli nyingi duniani zilifunga milango. Ninachosema ni kwamba swali la mpwa wangu lilikwisha kuulizwa na wenyewe, mbele ya majengo yenyewe.

Ningeweza kuishia hapo na kumwambia kijana aikunje ramani yake. Lakini tulirudi nyumbani kwa njia ya ndani, na njia ya ndani ya mji huu ni milango. Tazama mlango wa nakshi wowote wa zamani. Kwenye fremu utaona mnyororo, utaona samaki, utaona mtende, na mara nyingi utaona ua lililofunguka, lenye majani yaliyopangwa kwa duara. Ua hilo husemwa kuwa ni yungiyungi. Ni ua lile lile analokalia Buddha katika sanamu zake, na ni ua la ibada ya Wahindu karne nyingi kabla ya mafundi kulifikisha kwetu kwa njia ya bahari. Babu zetu Waislamu walilichonga kwenye milango yao wakaliweka chini ya bao la juu lenye maandishi matukufu, na sheikh aliyepita hapo kila siku kwenda msikitini hakuona kosa. Misumari mikubwa ya shaba nayo ilitoka Bara Hindi, ambako inasemwa ilikuwa ya kuzuia tembo wa vita. Unguja hakuna tembo wa kuzuiwa. Tuliipenda tu, tukaiweka.

Kwa hiyo kuiga kwenyewe hakukunisumbua sana. Kilichonisumbua kilikuwa kitu kingine, na ilinichukua siku kadhaa kukitamka.

Kwanza niseme neno la haki juu ya hoteli, kwa sababu watu wa rika langu tunapenda kuzilaumu tu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilitaifishwa, zikagawiwa familia nyingi kwa pamoja, chumba kwa chumba, na hakuna aliyekuwa na uwezo wala jukumu la kuzitengeneza. Nyumba ya mawe ya matumbawe na chokaa si kama nyumba ya saruji. Ghorofa zake zinalala juu ya boriti za mikoko, ndiyo maana vyumba vyake ni vyembamba, mita 3 hivi, kwa sababu boriti haifiki mbali zaidi. Paa likivuja masika mbili tatu bila kuzibwa, vichwa vya boriti vinaoza ndani ya ukuta, na siku moja usiku unasikia kishindo mtaa wa pili. Miaka ya 1980 tulivisikia vishindo hivyo mara kwa mara. Mwaka 1985 ikaundwa Mamlaka ya kuuhifadhi mji, na karibu na wakati huo huo serikali ikafungua mlango kwa wawekezaji wa utalii.

Mmoja wa wageni wa mwanzo walioingia kwa mlango huo alikuwa Mmarekani, Emerson Skeens, aliyefariki mwaka 2014. Yeye na mwenzake walichukua nyumba ya Hurumzi, iliyokuwa ya Tharia Topan, tajiri wa Kihindi aliyesimamia forodha ya Sultani. Wenyeji wanasema jina la Hurumzi linatokana na uhuru, kwa kuwa ndimo Waingereza walimowalipa mabwana fidia ya watumwa walioachwa huru baada ya amri ya 1897. Nyumba ile iligeuzwa hoteli, na juu kabisa pakawekwa mahali pa kula, wageni wakiketi chini juu ya mito. Nilipandishwa huko siku moja miaka ya 1990. Magharibi ilipoingia, adhana zilianza huku na huku, na kutoka hekalu la Wahindu la jirani ikasikika kengele. Ibada mbili za kweli, na katikati yake mkahawa. Sikuona ubaya. Paa lingalikuwa limeanguka kama asingalikuja yule mtu.

Lakini hoteli ina kiu. Nyumba iliyojengwa kwa choo kimoja au viwili inatakiwa iwe na bafu katika kila chumba, na kila bafu ni bomba ndani ya ukuta wa chokaa. Bomba likivuja, ukuta unakunywa. Mwenye haraka atapaka saruji juu yake ili pasionekane doa, na saruji haipitishi unyevu kama chokaa, basi maji yanabaki ndani yakila kimyakimya. Fundi mmoja mzee, ambaye alitengeneza nyumba nyingi za mji huu, aliniambia kuwa anaweza kuujua ukuta mgonjwa kwa kuugonga na kifundo cha kidole. Mafundi kama yeye wamebaki wachache. Na jengo kubwa kuliko yote, Beit al Ajaib, lililojengwa mwaka 1883 na Sultani Barghash, lilianguka upande wake wa mbele tarehe 25 Desemba 2020, likiwa katika kutengenezwa, likaua watu wawili. Lile halikuwa hoteli. Ninalitaja kwa sababu siku ile nililia, na nilipokuwa nalia nilijua silii kwa ajili ya jumba lile peke yake.

Nyumba yetu ilikuwa Mkunazini. Haikuwa ya kifahari. Ilikuwa na ghorofa moja, ukumbi, na baraza moja iliyovunjika pembe. Fahari yake ilikuwa mlango, na fahari ya mlango ilikuwa bao lake la juu, la mti wa msaji, lililochongwa jina la Mwenyezi Mungu na mwaka wa Hijria 1299, ndiyo kusema 1881 au 1882. Upande wa kushoto palikuwa na samaki asiye na mkia. Mkia ulivunjwa na kaka yangu kwa jiwe la manati, akachapwa.

Masika ya mwaka 1990 ukuta wa mbele uliporomoka nusu, usiku, bila kumdhuru mtu. Mlango tuliutoa, mbao zake tukaziegemeza ukumbini. Mama alikuwa tayari mgonjwa. Mwaka uliofuata alitakiwa apelekwe Dar es Salaam kutibiwa, na mshahara wa mwalimu wakati ule msomaji anaujua au amehadithiwa. Akaja mtu mmoja, mwenzetu, anayenunua vitu vya kale. Hakuutaka mlango mzima, ulikwisha liwa na mchwa chini. Alitaka bao tu. Nililiuza. Nililifunga kwa gunia nikamsaidia kulipakia kwenye gari ya ng'ombe, alfajiri, kabla majirani hawajatoka.

Mama aliporudi kutoka Dar es Salaam alikaa siku tatu hajasema kitu. Siku ya nne akaniuliza, "Mwanangu, bao liko wapi?" Nikamwambia liko kwa fundi. Akasema, "Mwambie asilipige randa, atafuta maandishi." Aliishi miezi saba zaidi. Kila alipouliza, bao lilikuwa kwa fundi.

Mwaka 1999 walimu tulipelekwa semina katika hoteli moja ya pwani ya kaskazini, ambayo sitaitaja. Wakati wa chakula cha mchana nilikwenda kaunta kuomba maji ya kunywa. Juu ya rafu ya chupa za pombe, limepigiliwa misumari ukutani na kumulikwa taa, lilikuwa bao letu. Nilimjua samaki kabla ya kujua kitu kingine chochote. Lakini katikati, palipo na maandishi, palikuwa na kipande cha kitambaa cheupe, kimezungushwa na kufungwa vizuri kwa nyuma.

Aliyekuwa akiuza alikuwa kijana wa Makunduchi. Alinitolea shikamoo. Nikamuuliza, nani amefunga kile kitambaa?

"Mimi, mwalimu," alisema kwa sauti ya chini. "Wakubwa wakija huniambia nikitoe, wageni wapate kuona nakshi. Wakiondoka nakifunga tena. Mimi nimesoma chuoni, najua pameandikwa nini."

Nilikunywa maji yangu nikamshukuru. Sikumwambia kuwa aliyeliuza bao lile ni mimi. Nilijiambia nitarudi na fedha kulinunua, na miaka minne baadaye nikarudi kweli. Hoteli ilikuwa na mwenyewe mwingine, kaunta imevunjwa, na kijana hayupo. Hakuna aliyekumbuka bao.

Haya yote nilimsimulia mpwa wangu juma lile lile, ramani yake ikiwa bado mezani kwangu. Alikuwa hajui. Mama yake, yaani dada yangu, naye anadhani mpaka leo kuwa liliibiwa, na ikiwa atasoma kurasa hizi namwomba radhi hapa. Nilimwambia kijana: mimi sina la kusema juu ya paa la Thailand. Mtu aliyeuza jina la Mungu kwa nauli ya boti na dawa hana pa kusimama akahukumu nani aige nini. Ila najua kuwa kila nilipolikumbuka bao lile, sikumkumbuka mnunuzi wala mwenye hoteli. Nilikumbuka kitambaa. Katika hoteli nzima palikuwa na mtu mmoja aliyejua ni kitu gani kile, naye ndiye aliyewekwa kuuza pombe chini yake.

Kijana alikaa kimya, kisha akauliza, "Na pale kwetu pwani ya mashariki, mjomba, nani atajua ile ncha ya ndege ni ya nini?"

Nikamwambia, wewe sasa unajua.

Aliondoka na ramani yake. Baadaye alinieleza kwamba alimwandikia mwekezaji akapendekeza paa la kawaida la makuti, na mwekezaji akamjibu kuwa makuti kila mtu anayo. Mpaka ninapoandika, kiwanja kile kina mikadi na mbuzi tu, na kijana amepata kazi ya kupima nyumba za zamani mjini.

Mwezi uliopita alikuja tena. Alikuwa amepata, kwa jamaa yetu aliyeko Maskati, picha ya arusi ya shangazi yake, na nyuma ya bi arusi unaonekana mlango wetu wote pamoja na bao. Ameichora upya, kwa vipimo, maua na mnyororo na samaki, tena samaki amemtia mkia. Anasema yupo fundi Mwembetanga atakayelichonga kwa mti wa mfenesi, kwa bei tunayoweza kuichanga, tuliweke pale mlango ulipokuwa, ukuta ukishasimamishwa. Sehemu ya maandishi ameiacha wazi, kwa sababu ana swali: mwaka tuandike 1299, kama ilivyokuwa, au tuandike wa sasa?

Nimemwambia anipe muda. Karatasi iko hapa mezani, na mkia wa samaki nimekwisha mfutia.